Siku Mkwe Alipoanua Nguo

Waya wa kuanikia nguo ulikuwa mmoja tu. Ulianzia kwenye msumari juu ya mlango wa Siraje, fundi cherehani, ukakatiza ua mzima na kuishia kwenye nguzo ya choo. Mwenye ua alikuwa Lataben, mjane wa Kihindi aliyekaa nyumba ya mbele na kupangisha vyumba vitatu vya nyuma, na kila alipoombwa aongeze waya wa pili jibu lake lilikuwa lile lile. "Jua iko moja, waya iko moja. Natosha." Basi wapangaji wake wakagawana siku. Selpher, mke wa Cleophas dereva wa lori kutoka Kakamega, alianika Jumatatu na Alhamisi. Nabifo alianika Jumanne na Ijumaa. Jumatano ilikuwa ya sari za Lataben mwenyewe, na sari moja ilitosha kuumaliza waya wote kutoka kwa Siraje hadi chooni.

Mpango huo ulikwenda salama mpaka baba mkwe wa Nabifo alipoletwa kutoka kijijini Nakaloke na macho yake mabovu. Mzee Wamimbi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mtu akisimama mbele yake aliona kivuli, na kivuli kikinyamaza hakujua ni mtu au ni mgomba. Daktari wa macho alifika hospitali ya Jinja mara moja kila baada ya miezi mitatu, na Eriya, mume wa Nabifo, alikuwa amehangaika mno mpaka jina la baba yake likaandikwa. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Mzee alilala kwa Siraje, kwa kuwa kwa Wagisu baba mkwe na mke wa mwanawe hawalali chumba kimoja. Hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni, na hakuna anayegusa nguo iliyovaliwa na mwenzake. Nabifo alikulia ndani ya miko hiyo na haikumsumbua. Kule nyumbani kuna njia mbili za kwenda mtoni. Ukimwona mkwe anakuja huku, unapita kule. Ua wa Lataben ulikuwa na hatua kumi na mbili tu, na choo kimoja.

Walijitahidi hivyo hivyo. Uji ukiiva, Nabifo alisimama nyuma ya mlango wake na kuiambia sigiri yake ya makaa, "Wewe sigiri, uji uko tayari." Mzee naye aliujibu mlango wa Siraje: "Mlango, sema nimeshukuru." Selpher alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hata kwetu tunawaheshimu wakwe," alisema, "lakini sijawahi kuona mtu akiamkia makaa."

"Cheka tu," Nabifo alimjibu. "Nguo je? Nitaanika wapi mashimizi yangu na yeye anapita hapa kwenda chooni?"

Jibu alilipata mwenyewe, na alijiona ana akili sana. Alianika mashimizi yake na nguo zake za ndani kwanza, halafu akazifunika juu kwa shuka kubwa la kitandani. Gomesi yake ya maua ya buluu, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka alilolivaa kanisani, aliibana katikati ya mashati ya Eriya na kuifunika vile vile. Mtu akipita haoni ila shuka jeupe na khaki za mume. Zilichelewa kukauka, lakini heshima ilibaki mahali pake.

Jumanne ile, siku tatu kabla ya daktari, bomba la ua lilikauka, wanawake wakaenda na madebe mpaka bomba la mtaa wa pili. Siraje alikuwa dukani kwake. Uani alibaki mzee peke yake, ameketi kwenye kigoda, anasikiliza mji.

Mvua ya Jinja haibishi hodi. Nabifo na Selpher walikuwa bado kwenye foleni tone la kwanza lilipoanguka, na kabla hawajajitwisha madebe barabara nzima ilikuwa maji matupu.

"Nguo zangu!" Nabifo alipiga kelele.

"Kimbia, debe lako nitaliangalia!"

Akakimbia, lakini Selpher naye hakuwa mtu wa kubaki nyuma kwenye jambo lolote, akaja mbio na debe kichwani, maji yakimwagika pande zote. Walipoingia uani, waya ulikuwa mtupu. Hapakuwa na shuka wala khaki. Vibanio vilikuwa vimepangwa kwenye kopo, vyote, hata kile kilichovunjika.

"Wezi!" alisema Selpher.

Nabifo aliona kabla yake. Barazani mwa chumba chake, juu ya mkeka, palikuwa na marundo mawili ya nguo. La kwanza lilikuwa khaki za Eriya na mashati yake, yamekunjwa pembe kwa pembe, kola zote zikitazama upande mmoja. Mzee Wamimbi alikuwa dobi wa jeshi la Keya miaka sita, aliwafulia maofisa mpaka Burma, na mikono yake haikusahau. Rundo la pili lilikuwa na shuka chini, gomesi juu ya shuka, na juu ya gomesi mashimizi matatu. Shimizi la juu kabisa lilikuwa limekunjwa nusu. Mikono ilikuwa imeishia hapo.

Mzee mwenyewe alikuwa katikati ya ua, ameketi kwenye debe lililogeuzwa, mvua inampiga kichwani. Viganja vyake viwili vilikuwa wazi juu ya magoti, vikinyeshewa.

Nabifo aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa chini. Aibu ilimshika mwili mzima, mpaka masikioni. Angekuwa ameyaanika mashimizi yake wazi, mchana kweupe, mzee angepapasa moja tu, angejua, angeachia hapo. Shuka lake ndilo lililomponza, maana mzee aliliona jeupe, akasema moyoni mwake kwamba ni la mwanawe, akalikumbatia na vyote vilivyokuwamo.

Eriya aliporudi kutoka kwenye mitambo ya umeme ya bwawa, alimkuta baba yake amefunga mzigo.

"Kesho narudi Nakaloke," alisema mzee. Walizungumza Kigisu, kwa sauti ya chini, lakini ukuta ulikuwa wa udongo na Nabifo alisikia kila neno.

"Baba, daktari ni Ijumaa!"

"Najua daktari ni lini."

"Akiondoka mpaka miezi mitatu tena. Na walisema jicho la kushoto halitangoja. Na macho?"

"Haya niliyonayo yamenitosha kufanya nililofanya." Alikaza fundo la mzigo. "Unajua taratibu. Mpaka mbuzi achinjwe na wazee wakae, mimi na yeye hatuwezi kulala ua mmoja. Nani atoke? Mkeo? Afukuzwe nyumbani kwake kwa ajili ya wema wangu wa kijinga?"

Ndani, Nabifo naye alikuwa tayari na mzigo wake miguuni. Alimpenda yule mzee. Hakuwahi kumwambia, wala hapakuwa na sigiri ya kuambiwa neno kama hilo, lakini alimpenda, na hakutaka arudi kijijini akawe kipofu kwa sababu ya shimizi.

Selpher hakujua Kigisu, lakini alijua kusoma mizigo. Alivuka ua, akasimama mbele ya mzee, mikono kiunoni.

"Mzee, unakwenda wapi? Kwa sababu ya zile nguo? Zile nguo ni zangu."

Eriya alifungua kinywa, Selpher akamkanyaga mguu.

"Iko yako?" aliuliza mzee kwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Zangu kabisa."

"Leo iko Jumanne. Jumanne iko siku ya huyu nyumba."

"Nilimwomba nafasi. Cleophas yuko safarini, nimefua za wiki mbili, ningengoja Alhamisi ningevaa nini? Akaniwekea chini ya shuka lake. Mimi si mkwe wako, Mzee. Kwangu umenisaidia tu, na asante sana, umekunja vizuri kuliko mume wangu."

Mzee aligeuza uso upande ule kulikotoka sauti. Vidole vyake vilisuguana.

"Zote iko yako, mama?"

"Zote, Mzee."

"Basi," alisema. Akaufungua mzigo wake, fundo moja moja.

Eriya usiku ule alilala kama mtu aliyetoka kubeba magunia. Nabifo hakulala. Uongo ulikuwa wa Selpher, lakini shimizi lilikuwa lake, na mwiko haudanganyiki kwa kukanyagana miguu. Asubuhi alipanda basi la Mbale kwenda kwa shangazi yake Nabalayo, aliyemfunda siku ya ndoa na aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni Mbale.

Shangazi Nabalayo alimsikiliza huku akipanga vitunguu mafungu mafungu. Hakumkatiza. Alipomaliza, alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Hiyo uliyovaa, aliigusa?"

"Hapana. Hii ilikuwa mwilini."

"Na hizo nyingine ziko wapi?"

"Kwa Selpher. Alizichukua zote mbele ya mzee."

"Zikae huko huko." Alimpimia mteja, akapokea, akarudi kwenye maneno yake. "Kama anaamini ni za jirani, basi ni za jirani. Mtu hatozwi mbuzi kwa nguo za Mkenya. Lakini wewe usiziguse. Ukizivaa tu, zimekuwa zako, na yeye amezigusa."

"Na akijua?"

"Akijua ndiyo imekwisha. Unafunga mzigo unakuja kulala kwangu mpaka wazee wakae. Na wazee wakikaa hawazungumzii mbuzi tu, mwanangu. Watauliza nani aliyemlea huyu mwanamke anayeanika shimizi njiani pa mkwe. Watamtaja mama yako. Watanitaja mimi. Hapa sokoni watasema kwa sauti, kati ya vitunguu na nyanya."

Nabifo alianza kulia. Shangazi akamfutia machozi kwa mkono wenye harufu ya vitunguu, wakalia wote wawili, mmoja kwa uchungu na mwingine kwa vitunguu.

"Ni mtu mwema?" aliuliza shangazi.

"Ni mwema sana. Alipanga hata vibanio."

"Shida ndiyo hiyo. Wabaya hawaanui nguo za mtu."

Ijumaa mzee alipasuliwa, akalazwa kitandani, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku asitikise kichwa. Wiki mbili. Eriya alipeleka chakula jioni, Selpher alipeleka mchana, na kila alipokwenda mzee alimshukuru kwa heshima na kumwuliza hali ya nguo zake.

"Nilimwambia ziko salama," Selpher alisimulia, akikuna shingo. "Huyu mzee anauliza sana."

Nabifo alibaki na gauni moja. Mwanamke mwenye gauni moja ni mtumwa wa jua. Alilifua asubuhi, akaanika, kisha akakaa ndani amejifunga shuka mpaka likauke, na majira yale jua la Jinja lilikuwa la kubahatisha. Siku mbili vijidudu vya ziwani vilipanda kama moshi, vikatua kwenye kitambaa kibichi, ikabidi afue upya. Siku nyingine alilikausha juu ya sigiri, akaenda dukani ananuka moshi, na mwenye duka akamwuliza bei ya samaki wa moshi, akidhani ndiye anayeuza.

Cleophas alirudi safari akawaletea habari. "Kule kwa wazungu wa bwawa kuna mashine ya kukaushia. Unatia nguo mbichi, unafunga kamlango, inazunguka, inatoka kavu na ya moto. Hakuna jua, hakuna waya."

"Ndani ya nyumba?" Nabifo aliuliza.

"Ndani kabisa. Hakuna anayeona kitu."

"Mume wangu anautengeneza huo umeme kila siku," alisema Nabifo, "na mimi nimekaa hapa na shuka."

Lililomuuma zaidi ni la Lataben. Mama huyo alikuja kuulizia bomba, akamkuta amejifunga shuka mchana wa saa saba.

"Nguo yako iko wapi?"

"Iko kwenye waya, mama."

"Ile ingine?"

Nabifo alitazama chini. Angeeleza vipi? Gomesi yake ilikuwa milango miwili kutoka pale, imening'inia kwa Selpher, nzima, na yeye hawezi kuinyooshea mkono. Lataben alitikisa kichwa, akaenda, akarudi na blauzi kuukuu iliyopauka makwapani. "Chukua. Usione haya. Mimi mume alikufa, mimi pia najua shida." Nabifo akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na mlango ulipofungwa akalia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika.

Ijumaa ya pili asubuhi habari ikaja kwamba mzee anatoka siku hiyo, na anaona. Wamempa miwani minene, alisema Eriya, akiivaa macho yanakuwa makubwa kama ya ng'ombe, lakini alisoma saa ya ukutani kutoka kitandani! Eriya alisema hivyo huku machozi yakimtoka, hakujali.

Selpher alifurahi kwa dakika moja, halafu akashika kichwa. "Nabifo, anaona."

"Mungu asifiwe."

"Asifiwe, lakini ataangalia nguo ni za nani. Lazima anikute nimezivaa. Gomesi, leo, mbele ya macho yake mapya. Tukishamwonyesha mara moja, imekwisha."

Nabifo alimtazama rafiki yake. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, na Siraje aliishona gomesi ile kwa kuubana mwili wake. Selpher alijaza mlango akisimama.

"Haitakuingia."

"Itaingia."

Iliingia kwa nusu saa, kwa mafuta ya nazi, na kwa mshono mmoja wa ubavuni kukubali kuachia. Pindo lilimwishia katikati ya mashavu ya miguu. Mkanda wa kiunoni haukufunga, akaukamata kwa kibanio cha nguo na kukificha kwa leso. Alisimama mlangoni kwake, amevuta pumzi ndani, hawezi kuitoa.

Nabifo alikwenda kuanika. Ilikuwa siku yake ya waya, na beseni limejaa ovaroli za Eriya na mashuka, hapana chake hata kimoja. Alijificha nyuma ya shuka la kwanza akasikiliza lango likifunguliwa.

Mzee Wamimbi aliingia akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Alisimama. Akaitazama mbingu, akalitazama paa la Lataben, akamtazama kuku. Kisha akamwona Selpher.

"Karibu nyumbani, Mzee," alisema Selpher kwa sauti nyembamba, kwa kuwa hewa haikumtosha.

Mzee alisogea hatua mbili. Miwani ilimkagua kutoka begani mpaka pindoni.

"Wewe ndiyo mama ya kuleta chakula?"

"Ndiye mimi."

"Na hii nguo iko ile nguo?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Mzee. Yangu."

"Mama," alisema mzee, "pumua."

Selpher akapumua. Kibanio kiliruka, mshono wa pili ukaachia kutoka kwapani mpaka kiunoni, na Eriya akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Mzee alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Lakini kicheko kilipokwisha hakuirudisha miwani usoni.

"Mimi dobi, mama. Miaka sita. Nguo ya bwana mkubwa, nguo ya bwana mdogo, mkono yangu iko najua bila kuona. Siku ile ile nilijua."

"Ulijua!" Selpher alisema. "Na ukakaa?"

Mzee hakumjibu yeye. Alimgeukia Eriya, akaanza kusema Kigisu, taratibu, kwa sauti inayofika mpaka kwenye waya.

"Nilitaka kuona. Nilikuwa naogopa giza, nikaukubali uongo wa mama huyu, nikaufanya wangu, na mkeo akakaa na gauni moja kwa ajili yangu. Unadhani sikunusa kwenye chakula ulichoniletea moshi wa gauni lililokaushwa juu ya sigiri? Ni aibu yangu. Kesho narudi Nakaloke. Mbuzi nitatoa mimi, wazee nitawaketisha mimi, na jina lake halitatajwa. Nitawaambia niliingiza mikono pasiponihusu. Wakitaka kumsema mtu, wananiona nimekaa hapo."

Nyuma ya shuka, Nabifo alikuwa ameshika ovaroli mbichi kifuani na maji yanamtiririka mpaka miguuni. Hofu aliyokuwa nayo tangu siku ile ya mvua ilimwachia yote kwa mara moja.

Upepo wa ziwani ulivuma wakati huo huo. Shuka likapanda, likajikunja juu ya waya, na hapakuwa na kitu kati yake na mkwe wake ila hatua sita za ua. Ovaroli ilikuwa bado kifuani, vibanio viwili mdomoni. Alimwona mzee akiwa na miwani imerudi usoni, macho makubwa, wazi, mazima.

Mzee aligeuka. Aligeuka upesi kuliko umri wake, akautazama ukuta wa Siraje kwa karibu, pua inakaribia kugusa udongo, mikono nyuma. Hakuondoka. Alisimama pale na macho yake mapya akiusoma ukuta.

Nabifo angeweza kukimbilia ndani, mlango ulikuwa karibu. Hakukimbia. Alitoa kibanio mdomoni, akaibana ovaroli begani, akainama, akachukua nyingine, akaikung'uta. Alianika bila haraka, moja baada ya moja, na ua mzima ulimngoja, hata Selpher na gomesi yake iliyopasuka.

"Zimebaki ngapi?" mzee aliuliza, bila kugeuza kichwa.

"Mbili tu, baba," alijibu Nabifo.

"Maliza," alisema mzee. "Sina haraka."